Kisanduku cha 5 kimezidi cha 1: GI Bill, Pell na nafuu ya kodi ya masomo

"Shikamoo mama. Mimi ni Mtanzania, nina miaka 29, naishi Houston. Nilikuja kwa bahati nasibu ya green card, nikajiunga na National Guard, na sasa nina uraia. Utumishi wangu unaohesabika ni miezi 26, kwa hiyo VA, idara ya veterani, wananilipia asilimia 80 ya Post-9/11 GI Bill, yale mafao ya masomo kwa waliotumikia jeshi. Niko mwaka wa pili katika chuo kikuu cha serikali, nasoma muda wote. Mwaka 2025 ada na michango ya lazima ilikuwa dola 9,600, VA wakapeleka chuoni 7,680. Nilipata pia Pell Grant, msaada wa serikali kwa wanafunzi wa kipato kidogo, ya 3,000: chuo kilikata 1,920 kumalizia ada, na 1,080 iliyobaki wakaniingizia benki. Posho ya nyumba ya VA inaingia kwangu kila mwezi. Ya vitabu nilipata 800, ingawa vitabu vyenyewe nilivinunua kwa 1,150. Nafanya kazi ghalani, W-2 yangu, fomu ya mshahara wa mwaka, ni 31,000. Anayenijazia ritani ya kodi ameiangalia fomu 1098-T, ile ya chuo inayoonyesha ada iliyolipwa (kisanduku cha 1) na misaada (cha 5), akasema kisanduku cha 5 kimezidi cha 1, kwa hiyo sina nafuu yoyote ya masomo na ile 1,080 niilipie kodi. Posho ya nyumba nayo anasema 'lazima tuiandike mahali'. Lakini mwenzangu tuliyekuwa naye jeshini, anayelipiwa asilimia 100, alijaziwa kwingine akarudishiwa 2,500. Nani anasema kweli? Sijatuma bado. Halafu Desemba hii nafunga ndoa Moshi, mchumba wangu yuko huko. Sijui kama hilo linahusika."

Marahaba, mwanangu. Afadhali umeuliza kabla ya kutuma, maana kwa hesabu ulizonipa, ritani hiyo ingekupotezea karibu dola 1,800. Aliyekujazia hakudanganya. Amesoma fomu moja akaishia hapo. Mwenzako naye, kama umenieleza sawasawa, ameshika pesa ambazo si zake, na hilo ni zito kuliko la kwako. Na ndiyo, harusi inahusika, tena sana. Nitaifikia mwishoni.

Tuanze na posho ya nyumba, kwa sababu ndiyo inayowanyima watu wengi usingizi. Posho hiyo haiandikwi popote. Sheria ya shirikisho inayolinda mafao ya VA, kifungu cha 5301 cha sura ya 38, inayaondoa kwenye kodi moja kwa moja, na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wenyewe wanasema malipo ya masomo, mafunzo au kujikimu yanayotoka VA hayaingizwi kwenye kipato. Ndiyo maana VA hawakutumii W-2 wala 1099 kwa ajili yake. Kama mtu anatafuta mstari wa kuiandika, hataupata, kwa sababu haupo. Pesa kuonekana benki hakuifanyi kuwa kipato. Weka barua yako ya VA inayoonyesha mafao uliyopangiwa, na mtu yeyote akikuuliza hiyo pesa ya kila mwezi inatoka wapi, mwonyeshe.

Ila msamaha huo una upande wa pili ambao watu hawaambiwi. Kwa kuwa posho si kipato, haiwezi kukufungulia milango inayohitaji kipato cha kazi. Veterani anayeishi kwa posho ya VA peke yake, bila ajira, hana kipato cha kazi cha kumpa ile nafuu ya wenye kipato kidogo, EITC, wala hawezi kuweka senti kwenye akaunti ya uzeeni ya IRA kwa jina la posho hiyo. Nimeshawaona akina mama wenye watoto wawili walioacha kazi ili wasome, wakatarajia marejesho kama ya mwaka uliopita, wakabaki wameduwaa. Wewe una W-2, kwa hiyo hili halikugusi, lakini mwambie anayekuuliza.

Sasa nafuu yenyewe. Zipo mbili. Ya kwanza ni American Opportunity, ambayo ndiyo yako: inakurudishia asilimia 100 ya dola 2,000 za kwanza ulizogharamia masomo, na asilimia 25 ya 2,000 zinazofuata, kwa hiyo kikomo ni 2,500. Asilimia 40 yake, yaani hadi 1,000, unapewa hata kama hudaiwi kodi. Iliyobaki inafuta kodi tu. Lazima uwe bado ndani ya miaka minne ya mwanzo ya chuo, usome angalau nusu muda, na kipato chako kikiwa cha mtu mmoja kisizidi 80,000. Kati ya 80,000 na 90,000 inapungua hadi kuisha. Ya pili ni Lifetime Learning: asilimia 20 ya gharama zisizozidi 10,000, haina kikomo cha miaka, lakini hairudishi chochote zaidi ya kodi unayodaiwa. Zote mbili zinajazwa kwenye fomu 8863, na kwa mwanafunzi mmoja katika mwaka mmoja unachagua moja tu.

Kiini cha swali lako ni hiki: ni gharama ipi inayohesabika kuwa umeilipa wewe? Fikiria kamati ya harusi yako. Mjomba akienda mwenyewe kwa mwenye ukumbi akalipa ukumbi, huwezi kurudi kwenye kamati ukasema "nirudishieni pesa ya ukumbi". Ukumbi umeshalipwa, na aliyelipa si wewe. Lakini mjomba akikushika mkono akakupa laki tano, "zikusaidie mwanangu", na wewe ukalipa ukumbi kwa pesa zilizo mfukoni mwako, ukumbi umeulipa wewe. Serikali inafuata mantiki hiyo hiyo. Dola moja ya ada haipewi nafuu mara mbili. VA wakiipeleka moja kwa moja chuoni kwa ajili ya ada, ada hiyo inatolewa kwenye hesabu ya nafuu. Wakikupa wewe mkononi bila kukupangia matumizi, haitolewi.

Kwa hiyo zile 7,680 zinatoka, zote. Posho ya nyumba haitoki hata senti. Hili si tafsiri yangu. Chapisho namba 970 la IRS lina mfano unaokaribia kabisa kisa chako, wa mwanafunzi anayepokea posho ya nyumba ya dola 1,534 kwa mwezi huku 3,840 zikilipwa chuoni kwa ada: anaambiwa atoe 3,840 na aache posho kama ilivyo, kwa sababu matumizi ya posho hayakuwekewa masharti. Mtu akikwambia utoe posho ya nyumba kwenye ada, mfungulie ukurasa huo.

Posho ya vitabu ndiyo yenye utata kidogo. Inaingia kwako, lakini inatolewa kwa jina la vitabu na vifaa. Mimi humshauri mtu aitoe kwenye gharama ya vitabu, halafu adai kilichozidi tu. Ulinunua kwa 1,150, ulipewa 800, unadai 350. Kwa American Opportunity vitabu vinavyotakiwa na somo vinahesabika hata ukivinunua mtandaoni au kwa mwanafunzi wa mwaka wa juu, mradi una risiti. Risiti hizo zitafute leo. Zile za simu huwa zinapotea kwanza.

Mpaka hapa una 1,920 za ada na 350 za vitabu. Jumla 2,270.

Hapo ndipo Pell inapoingia, na hapo ndipo mtayarishaji wako alipokosea njia. Alichokiona ni hiki: kisanduku cha 1 kina 9,600, yaani yote chuo kilichopokea kwa ajili ya ada kutoka kwa yeyote. Kisanduku cha 5 kina 10,680, yaani 7,680 za VA na 3,000 za Pell. Cha 5 kimezidi, akafunga daftari. Lakini 1098-T ni taarifa ya chuo, wala haijui kitabu ulichonunua, kodi ya chumba uliyolipa, au uamuzi ambao sheria imekuachia wewe mwenyewe uufanye. Na uamuzi huo upo.

Pell haifanani na fedha ya ada ya GI Bill. Pell inaruhusiwa kutumika kwa ada, na inaruhusiwa pia kutumika kwa maisha: chumba, chakula, usafiri. Kwa sababu hiyo, sheria inakuruhusu useme kwamba Pell yako, yote au sehemu yake, ilienda kwenye maisha. Ukisema hivyo, sehemu hiyo inakuwa kipato kinachotozwa kodi, lakini ada inabaki kuwa gharama yako na unaweza kuidai. Na usibabaishwe na ukweli kwamba chuo kilikata 1,920 kutoka kwenye Pell kumalizia ada. IRS wanasema wazi kuwa namna chuo kilivyoingiza pesa kwenye akaunti yako haikuzuii kuchagua. Kinachotakiwa ni kwamba gharama za maisha ziwe za kweli na zifikie kiasi hicho, na kwamba kipato ukiandike. Wewe unaishi Houston unalipa chumba mwezi hadi mwezi, dola 3,000 kwa mwaka ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Hifadhi mkataba wa chumba na taarifa za benki.

Tuweke njia mbili mezani, kwa tarakimu zako. Mshahara 31,000, toa punguzo la kawaida la mtu mmoja kwa 2025, ambalo ni 15,750, unabaki na 15,250 za kutozwa kodi. Asilimia 10 kwa 11,925 za mwanzo, asilimia 12 kwa zinazobaki: kodi yako kabla ya mengine yote ni dola 1,591.50.

Njia ya mtayarishaji wako, hata nikiisahihisha kwa kuingiza vitabu: Pell inafuta ada ya 1,920 na vitabu vya 350, nafuu ni sifuri, na Pell iliyobaki, 730, inatozwa asilimia 12, yaani 87.60. Utadaiwa 1,679.10. Yeye alisema 1,080 kwa sababu alisahau vitabu.

Njia ya pili: Pell yote 3,000 unaiandika kuwa kipato, kwenye Schedule 1, mstari wa 8r, ambapo huandikwa misaada ya masomo isiyokuwa kwenye W-2. Kodi inaongezeka kwa 360 na kufika 1,951.50. Lakini sasa gharama zako 2,270 ziko huru: 2,000 za kwanza zinakupa 2,000, na 270 zinazobaki zinakupa 67.50. Nafuu ni 2,067.50. Katika hiyo, 1,240.50 inafuta kodi na kukuacha na 711. Halafu 827 ni ile sehemu inayorudishwa. Ukitoa 711 kwenye 827, wewe ndiye unayeidai serikali 116, na kodi yote waliyokukata ghalani mwaka mzima inarudi juu yake. Tofauti ya njia mbili ni dola 1,795.10.

Najua inashangaza kusikia kwamba kujitia kwenye kodi kwa hiari kunakuletea pesa. Nilipoanza kujitolea kwenye vituo vya kuwajazia watu kodi bure, niliirudia hesabu ya namna hii kwenye karatasi mara tatu kabla ya kumwambia mtu. Lakini ukitazama viwango, jibu liko wazi: kila dola ya Pell unayoihamishia kwenye maisha inakugharimu senti 12, na kila dola ya ada inayofunguka inakupa dola nzima mpaka zifike 2,000, na senti 25 baada ya hapo. Programu nyingi za kujazia kodi zina swali moja linalouliza kama sehemu ya msaada wa masomo ilitumika kwa chumba na chakula. Watu wanabonyeza "hapana" kwa haraka, na mlango unajifunga.

Njia hii si ya kila mtu. Mwenye watoto na EITC anatakiwa apige hesabu upya, kwa sababu Pell ikiingia kwenye kipato inaweza kuipunguza EITC yake. Mwenye bima ya afya ya sokoni anayepata ruzuku vivyo hivyo. Kijana wa chini ya miaka 24 anayesoma muda wote na kutegemea wazazi anaweza kunyimwa ile sehemu ya 1,000 inayorudishwa. Na kwenye majimbo yenye kodi ya mapato, jimbo nalo litataka chake. Texas haina, ndiyo maana hesabu yako ni nyepesi.

Kwa mwenzako wa asilimia 100 hali ni tofauti kabisa. VA wamelipa ada yake yote chuoni. Hakuna dola ya ada iliyobaki ambayo aliilipa yeye. Na uchaguzi wa Pell haumsaidii kwenye ada, kwa sababu aliyefuta ada si Pell, ni GI Bill, na GI Bill inayokwenda chuoni haina ruhusa ya kuhamishiwa kwenye chumba na chakula. Anachoweza kudai ni vitabu vilivyozidi posho yake ya vitabu, basi. Tena kama ana Pell juu yake na inaingia mfukoni, sehemu yote isiyokwenda kwenye vitabu ni kipato kinachotozwa kodi, na nina wasiwasi haikuandikwa. Wengi wanadhani kwa kuwa GI Bill haina kodi, basi kila kinachokuja na barua ya chuo hakina kodi. Pell haina kodi pale tu inapolipa ada, michango ya lazima na vitabu vinavyotakiwa.

Kilichotokea, kwa nionavyo, ni kwamba aliyemjazia aliingiza kisanduku cha 1 na kuacha cha 5 wazi. Tena nakala ya 1098-T inakwenda IRS pia, wanaona visanduku vyote viwili. Mwambie, kwa upole lakini bila kuchelewa, ajaze fomu 1040-X kurekebisha kabla barua haijamfikia. Akijirekebisha mwenyewe, atalipa alichozidishiwa pamoja na riba. IRS wakiamua kwamba alidai kwa kupuuza sheria makusudi, wanaweza kumfungia nafuu hiyo miaka miwili, na wakithibitisha udanganyifu, miaka kumi. Ritani ikishatiwa sahihi ni ya kwake, si ya aliyemjazia. Na aulize: mtu huyo aliweka jina lake na namba yake ya PTIN, ile ya IRS kwa wanaolipwa kujaza ritani, kwenye ritani? Alimtoza kwa kukata fungu la marejesho? Mtu anayelipwa kujaza ritani halafu hataki kuitia sahihi, na anayetoza kwa kiasi cha marejesho, wa aina hiyo nimewaona wakiharibu nyumba za watu wetu wengi, hasa wanaopatikana kwa kuelekezana kanisani au msikitini. Hatuulizi kwa sababu ni ndugu.

Turudi kwako. Kama ritani yako ya 2024 ilijazwa na mtu huyu huyu kwa mtindo huu huu, iangalie. Una miaka mitatu tangu ulipoituma kuirekebisha na kudai kilicho chako, kwa 1040-X hiyo hiyo.

Lakini usidai kwa pupa. American Opportunity unapewa mara nne tu maishani, na inahesabiwa kwa miaka ya kodi, si ya masomo. Shahada ya miaka minne inayoanza Agosti inagusa miaka mitano ya kalenda. Nimeona veterani wa asilimia 100 anaidai kwa ajili ya vitabu vya dola 90, anatumia moja ya nafasi zake nne, halafu miezi 36 ya GI Bill inaisha bado amebakiza muhula mmoja, analipa ada mwenyewe kwa maelfu, na nafasi amezimaliza. Mwaka wenye gharama ndogo uache upite kama unaona mbele kuna mwaka mkubwa ndani ya ile miaka minne ya mwanzo. Mwaka wako huu ni mkubwa. Udai.

Kuna jambo la hapa Texas hukuuliza, nalo nalitaja kwa sababu litakugusa. Texas wana Hazlewood, msamaha wa ada hadi saa 150 za masomo katika vyuo vya serikali kwa waliotumikia jeshi, mradi uliingia jeshini ukiwa mkazi wa Texas, au uliingilia Texas, au uliandika Texas kuwa kwenu, na ulitumikia angalau siku 181 zisizo za mafunzo. Anayelipiwa chini ya asilimia 100 anaweza kuitumia kwa pengo lililobaki. Ukisikia hivyo utataka kukimbilia ofisini kesho. Subiri kidogo. Mwaka huu hilo pengo la 1,920 linarudi lote kupitia nafuu ya kodi. Hazlewood ikilifuta, hakuna ada uliyolipa, nafuu ya ada inaondoka, na umetumia saa zako. Saa hizo zina thamani zaidi baada ya nafasi nne kuisha, au ukitaka shahada ya pili. Kaa na afisa wa chuo anayethibitisha masomo yako kwa VA, akupe hesabu ya miezi uliyobakiza, ndipo mpange kipi kitangulie.

Jambo lingine la kuangalia kabla ya kutuma ni tarehe. Chuo kinaweza kukutoza ada ya muhula wa Januari mwezi Desemba, na VA wakalipa Februari. Hapo kisanduku cha 1 na cha 5 vinaweza kuchanganya miaka miwili, na wewe ukaonekana umelipiwa kuliko ulivyotozwa. Ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, toa taarifa ya mwaka mzima inayoonyesha kila tozo na kila malipo kwa tarehe, uilinganishe na 1098-T. Zikipishana, ukweli uko kwenye taarifa ya akaunti.

Kwa ritani yenyewe, nenda kituo cha VITA karibu nawe, cha wanaojitolea kuwajazia watu ritani. Ni bure kwa wenye kipato kama chako, na wengi wetu tunaokaa pale tumeshafundishwa suala la Pell. Kama umetoka jeshini chini ya mwaka mmoja uliopita, MilTax ya Wizara ya Ulinzi bado inakuhudumia bure. Beba 1098-T, taarifa ya akaunti ya chuo, barua ya VA, W-2, risiti za vitabu na mkataba wa chumba. Ukimkuta mtu anayesema tena "cha 5 kimezidi, basi", mwombe akuitie msimamizi wa kituo. Na kama mwenzako ameshapokea barua ya IRS, asiijibu peke yake: ziko kliniki za walipakodi wa kipato kidogo, LITC, zenye wanasheria wa bure au wa ada ndogo sana. Ritani ya 2025 mwisho wake ni tarehe 15 Aprili 2026.

Sasa harusi. Hongera, mwanangu, na Mungu awape nyumba yenye amani. Lakini sikiliza: kwa kodi ya Marekani, hali yako ya ndoa ni ile uliyonayo tarehe 31 Desemba. Ukifunga ndoa Moshi tarehe 19 Desemba 2026, kwa IRS umekuwa mume wa mtu mwaka mzima wa 2026, hata kama siku 352 ulikuwa kapera na mkeo hajawahi kukanyaga Marekani. Ndoa iliyofungwa kihalali Tanzania ni ndoa huku. Ritani ya mtu asiyeoa huruhusiwi tena, na hapa vijana wetu wengi wanakosea bila nia mbaya: wanaandika "single" kwa sababu mke hana karatasi, halafu miaka miwili baadaye wanapomwombea viza, cheti cha ndoa kinaonyesha tarehe moja na ritani zinasema jingine.

Kinachobaki ni njia mbili. Kujaza kama mwanandoa kivyako, na hapo nafuu zote mbili za masomo zinafungwa kabisa. Au kujaza pamoja, kwa kuchagua nyote wawili kwamba mkeo ahesabiwe kama mkazi wa Marekani kwa mwaka mzima. Mnaambatisha tamko lenye sahihi zenu wote, na mnaorodhesha kipato chake chote cha Tanzania. Kama ni mwalimu au ana duka, mapato hayo yanaingia, na kodi aliyolipa TRA inaweza kuombewa nafuu. Punguzo la kawaida linakuwa mara mbili ya lile la mtu mmoja, kwa hiyo pengine kodi itakuwa ndogo sana. Lakini kama nafuu ya masomo itapatikana kwa 2026 mke akiwa hana namba ya Social Security, ulizia kwanza. Hesabu ya mwaka huo itakuwa tofauti na hii niliyokupigia. Hiyo usiifanye peke yako, na VITA wengi hawaigusi. Tafuta mtayarishaji mwenye leseni ya EA inayotolewa na IRS, au mhasibu mwenye leseni ya CPA, aliyezoea wenzi walio nje.

Mkeo atahitaji namba ya ITIN, namba ya kodi ya asiyekuwa na Social Security, inayoombwa kwa fomu W-7 pamoja na ritani. Asitume pasipoti yake halisi kwa posta. Wako mawakala walioidhinishwa na IRS kukagua pasipoti na kuthibitisha, na baadhi yao wako nje ya Marekani. Ulizia kabla hujapanda ndege ya kwenda harusini, ili mkiwa Moshi, ukaguzi huo wa pasipoti nao muwe mmeumaliza.